Jinsi ya Kuwaandaa Walimu Tarajali Kufundisha Kiingereza kama Lugha ya Pili

Mwalimu tarajali anapoingia darasani kwa mara ya kwanza, mawazo yake yote huwa juu yake mwenyewe. Sauti yangu inasikika? Mwandiko wangu unasomeka? Andalio linasema nini baada ya hapa? Kazi yetu wakufunzi ni kuyatoa macho yake kwenye andalio na kuyaelekeza kwa mwanafunzi. Mihadhara peke yake haitoshi. Nimewaona wenye alama nzuri kabisa za mbinu za kufundishia wakizungumza nusu saa mfululizo mbele ya darasa lililokwisha kupotea zamani. Ninavyofanya mimi ni hivi.

Hatua ya 1: Wawe wanafunzi kwanza

Kabla ya nadharia yoyote, wape wanachuo kipindi cha dakika ishirini katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua. Kama huna lugha ya namna hiyo, alika mtu anayeijua. Zifundishwe salamu na majina ya vitu vitano vilivyo mezani, bila kutafsiri hata neno moja. Mwishoni uliza maswali mawili tu: ulipotea wapi, na nini kilikurudisha? Watataja ishara za mikono, vitu halisi, kurudiarudia, na ile hofu ya kunyooshewa kidole ghafla. Andika majibu yao kwenye karatasi kubwa, uibandike ukutani, ikae muhula mzima.

Hatua ya 2: Andalio lianze na kitendo cha mwanafunzi

"Wanafunzi waelewe wakati uliopita" si lengo, maana huwezi kuliona likitimia. "Kila mwanafunzi amweleze mwenzake mambo matatu aliyoyafanya jana" ni lengo. Ngazi za lugha za Baraza la Ulaya, zilizochapishwa mwaka 2001 na zinazoanzia A1 hadi C2, ni kielelezo kizuri hapa kwa sababu hueleza kile ambacho mtu anaweza kukifanya kwa lugha. Andalio lisilosema mwanafunzi atafanya nini, na nani, lirudishe likaandikwe upya.

Hatua ya 3: Maswali ya kuhakiki maana

Tumia muda mwingi kwenye hatua hii kuliko nyingine zote. Swali la "Mmeelewa?" halimsaidii mwalimu, kwani aliyeelewa na asiyeelewa wote hujibu ndiyo.

Chukua sentensi "I have lived here for five years." Mwanachuo hukimbilia kueleza: wakati timilifu, kitenzi kisaidizi, tendo lililoanza zamani. Lakini ambaye hajaielewa sentensi ataelewaje maelezo yaliyo magumu kuliko sentensi yenyewe? Mwambie achore mstari wa wakati ubaoni, kisha aulize kwa Kiingereza chepesi: Huyu alihamia hapa leo? Hapana. Alihamia zamani? Ndiyo. Sasa hivi anaishi hapa? Ndiyo. Halafu aandike chini yake "I lived here for two years, then I moved" na kulirudia swali la mwisho. Darasa likijibu hapana, tofauti imeeleweka. Likisema ndiyo, mwalimu amejua papo hapo pa kurudia, wala hana haja ya kungoja mtihani.

Maswali haya yana masharti. Yawe mafupi, yajibike kwa neno moja au mawili, na yasitumie muundo uleule unaofundishwa. Hili la mwisho ndilo linalovunjwa mno: kuuliza kwa wakati timilifu ili kupima wakati timilifu ni kumtaka mwanafunzi ajue kabla hajajua. Wape wanachuo sentensi kumi, watunge maswali wawiliwawili, kisha wabadilishane karatasi na kutafuta jibu ambalo mwanafunzi angeweza kulipatia kwa kubahatisha. Rudieni zoezi hili kila wiki.

Wafundishe pia kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi nchini Marekani, alikuta walimu wakingoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipofikisha sekunde tatu, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Anayetafuta maneno katika lugha ya pili anazihitaji sekunde hizo kuliko yeyote. Mwanachuo ahesabu kimoyomoyo.

Hatua ya 4: Maelekezo

Yawe mafupi na yatolewe kwa vitenzi vya kuamrisha, huku zoezi likionyeshwa kwa wanafunzi wawili mbele ya darasa. Karatasi zigawanywe baada ya maelekezo, si kabla: mwenye karatasi mkononi hasikilizi tena.

Hatua ya 5: Ufundishaji mdogo

Mbinu hii ilianza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963, Dwight Allen akiwa miongoni mwa walioiasisi. Mwanachuo hufundisha kundi dogo kwa dakika tano hadi kumi, akikazania stadi moja, hukosolewa, kisha hufundisha tena. Vyuo vingi hukiacha kipande cha mwisho kwa kisingizio cha muda. Nakipinga kitendo hicho kwa nguvu zote, kwa kuwa ni katika kufundisha tena ndipo mwanachuo hujiona akibadilika. Bora wanachuo wachache wafundishe mara mbili siku hiyo kuliko wote mara moja. Wenzake wanaocheza nafasi ya wanafunzi wapewe makosa ya kweli ya kufanya, yaliyoandikwa kwenye vikaratasi, la sivyo watajibu kila kitu sawasawa.

Hatua ya 6: Kusahihisha

Mwanafunzi akisema "She go to school," walimu wengi husema upesi "She goes, yes" na kuendelea. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa 1997 kwenye madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, waliona kwamba usahihishaji wa namna hii ndio uliotumika zaidi, na ndio uliowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa nadra kuliko njia nyingine. Mwanachuo ajizoeze kurudia sentensi hadi penye kosa na kunyamaza: "She...?" Mara nyingi mwanafunzi ataimalizia mwenyewe. Wakati wa mazungumzo huru, hata hivyo, asimkatize mtu. Ayaandike makosa pembeni, ayarudie ubaoni mwishoni bila kutaja majina.

Hatua ya 7: Darasa halisi

Unapokwenda kumkagua, usikae nyuma. Kaa ubavuni, mahali unapoziona nyuso. Gawa ukurasa wako safu mbili: alichofanya mwalimu, na walichofanya wanafunzi dakika hiyohiyo. Safu ya pili ikiwa na "wanasikiliza" kutoka juu hadi chini, mwachie aisome mwenyewe kabla hujasema lolote.

Katika mazungumzo ya baadaye, usianze na "Umeonaje somo lako?" Anza na mwanafunzi: yule aliyekaa karibu na dirisha alisema nini kwa Kiingereza leo? Mwanachuo akishindwa kujibu, usimpe orodha ya kasoro kumi na mbili. Mpe kazi moja kwa kipindi kijacho: achague wanafunzi watatu kabla hajaingia, na akitoka akuandikie sentensi moja ya Kiingereza aliyoisikia kutoka kwa kila mmoja, kama ilivyosemwa, pamoja na kosa lake kama lipo. Andalio la kipindi kinachofuata litokane na sentensi hizo tatu.