Jinsi ya kusoma emaki (gombo la picha la Kijapani) kwenye simu yako

Kama ushawahi kukutana mtandaoni na picha ya Kijapani ndefuuu, ukaipitisha macho mara moja ukaendelea na mambo yako, basi bado hujaiona. Ile ni emaki, yaani gombo, karatasi zilizogundishwa moja baada ya nyingine, kimo mara nyingi kama sentimita 30 hivi ila urefu unaweza ukafika mita 10 na kuzidi, na haikuchorwa itundikwe ukutani bali ifunguliwe kidogo kidogo mezani kwa mikono miwili. Ukiiangalia yote kwa mpigo ni kama umesimuliwa mwisho wa hadithi kabla hata ya paukwa.

Kwanza anzia kulia, uende kushoto. Waliosoma chuo cha Kurani mkono ushazoea, wengine jilazimishe tu, manake ukianza kushoto watu wote watakuwa wanakuja kukugonga uso kwa uso na hutaelewa nani anamkimbiza nani.

Mwenye gombo lenyewe anafungua kwa mkono wa kushoto kama upana wa mabega, sentimita 60 hivi, anaangalia, halafu mkono wa kulia unakunja kile kilichokwisha kuonwa, anasogeza, anafungua tena. Kwa hiyo wewe laza simu, kuza picha mpaka kimo chake kijae skrini juu hadi chini, nenda mwanzo kabisa kulia, afu vuta kwa kidole pole pole. Usirudishe ikaonekana nzima! Hapo ndo watu wengi wanaharibu.

Ya kuanzia mi nashauri Heiji Monogatari Emaki, ile sehemu ya kuchomwa kwa kasri la Sanjō, ni ya karne ya 13, ipo Museum of Fine Arts kule Boston, kama mita 7 hivi. Ni fujo za 1159 pale Kyoto, wapiganaji wanavamia usiku kumteka mfalme mstaafu Go-Shirakawa. Baada ya maandishi ya mwanzo unaona watu wanakimbia na mikokoteni ya ng'ombe ya wakubwa inaenda mbio, magurudumu yamechorwa kama yanazunguka kweli, wengine wanakanyagwa, na wewe hujui bado kuna nini. Vuta. Watu wanazidi kubanana, vuta tena, ndo moto unakufungukia mbele, ndimi nyekundu na moshi mweusi umejaa mpaka juu. Simama hapo hata dakika tano, angalia sura moja moja, kila askari ana uso wake. Ukitoka kwenye moto msafara unaondoka na gari la mfalme limezungukwa na mapanga na pinde, halafu watu wanapungua, wanapungua, mpaka anabaki mpanda farasi na askari mmoja wa miguu mbele yake, basi picha imeisha. Mchoraji kakuongezea mbio kisha kakupunguzia, na vyote vimepita kwenye kidole chako.

Kuna vitu vitakuchanganya. Nyumba hazina paa, hasa kwenye gombo lingine, Genji Monogatari Emaki ya karne ya 12, hiyo ni makusudi, paa limeondolewa ili uchungulie ndani kutokea juu. Mtu yule yule anaweza kuonekana mara kadhaa ndani ya jengo moja, kama yule mtawa wa kike kwenye gombo la Shigisan Engi mbele ya sanamu ya Buddha Mkubwa kwenye hekalu la Tōdai-ji, anasali, analala, anaondoka, sio watawa wengi, ni yeye mmoja muda unapita. Na ukungu ukitanda katikati ya picha mara nyingi jua umehama sehemu au wakati.

Kama unasoma na watoto waanzishie Chōjū-giga, gombo la wanyama la hekalu la Kōzan-ji, haina maandishi kabisa, ni sungura na vyura wanapigana mieleka, na chura anapombwaga sungura utaona mistari ya pumzi inamtoka mdomoni. Ni wino mweusi tu!

Ukifika mwisho usifunge tu. Vuta urudi mpaka mwanzo kulia, mwenye gombo naye lazima alikunje lote upya ili atakayefuata aanze pale pale ulipoanzia wewe, na ukiwa unarudi utaona vitu ulivyovipita.