Mplamsi unakupa majani tu? Soma hapa

Wale wa Ngaramtoni, Marangu na Machame huko juu mplamsi unakubali kabisa, ila Moshi mjini joto litakusumbua, huu mti bila baridi ya kutosha hautoi maua ya maana, utakuwa unamwagilia kivuli tu. Ukienda kitaluni uliza aina kwanza, mi ningechukua Methley maana inajichavusha yenyewe na haidai baridi kali sana, Santa Rosa nayo tamu balaa ila inazaa vizuri ikiwa na mwenzake wa aina nyingine jirani. Na chukua mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina unayotaka kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, achana na mambo ya kuotesha kokwa.

Kupogoa sasa ndo kwenyewe: katikati ya mti pawe wazi jua liingie, toa yale machipukizi yanayopanda wima na yanayotokea chini ya pale ulipobebeshwa. Matunda yakifika saizi ya gololi punguza, acha kama sentimita 8 hadi 10 kati ya moja na jingine, inauma ndio, lakini ukiyaacha yote matawi yanavunjika na plamsi zenyewe zinabaki vitoto. Samadi iwe imeoza, na usiirundike kwenye shina.