Kutafuta kutosheka kwa Kristo ukiwa mtu wa biashara

Mabinti wa kwaya hunijia na swali lile lile: "Mama, biashara inaenda, watoto wanasoma, mbona moyoni pakavu?" Mimi si mchungaji. Nauza vitenge Kariakoo, Mlutheri wa kawaida tu, kwa hiyo nawaonyesha njia ninayopita mwenyewe.

Kabla hujaomba chochote, fungua Mhubiri sura ya pili. Kisha chukua daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma kabisa, uandike vitu ulivyoamini vitakutuliza: kiwanja, gari, mume, fremu ya pili. Yule Mhubiri alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akakusanya fedha na dhahabu, akaweka na waimbaji wake, halafu akauchukia uhai. Weka alama kwenye kila ulichokwisha kupata, ujiulize kilikutuliza kwa muda gani. Wengi hapa hufunga daftari wakaenda kutafuta mafuta ya upako. Sioni wanachokwepa, maana mafuta yenyewe wanayapaka ili lije gari lile lile.

La pili ndilo gumu: Jumapili funga duka. Najua, jirani atauza, na mwenye harusi hasubiri. Soma Kutoka 16. Mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, iliokotwa ya kula siku hiyo. Aliyeibakiza hadi asubuhi aliikuta ina mabuu na inanuka. Siku ya sita waliokota maradufu, nayo ikakaa salama. Ya saba hapakuwa na kitu nje, lakini wapo waliotoka kwenda kutafuta. Hao ndio sisi wa Kariakoo! Waisraeli walikuwa wametoka utumwani Misri juzi tu, na Mungu alikuwa anawafundisha kukaa bila kuogopa njaa. Asiyethubutu kufunga duka bado anamtumikia Farao, hata kama fungu la kumi analitoa kamili. Tena ukifunga, usilihamishie duka kwenye simu. Pika, lala, katembelee wagonjwa. Kuanzia saa nane mchana mikono itakuwasha kutaka kuuza, iache iwashe.

Katika maombi, fuata mpangilio wa Baba Yetu. Jina lake, ufalme wake, mapenzi yake, ndipo unakuja mkate, nao ni wa leo. Mimi naisali polepole kwenye daladala, na nikifika kwenye mkate nataja hitaji la siku hiyo moja. Kodi ya fremu ina siku yake. Na utoe, kwa siri, kitu ambacho utakihisi kimetoka.

Halafu jumuiya. Tajiri mpumbavu wa Luka 12 anasemezana na nafsi yake tu: ghala zangu, mavuno yangu. Habari nzima haimtaji rafiki wala jirani yake. Kwenye jumuiya ya nyumba kwa nyumba mnakaa sebuleni kwa mtu, mnasoma neno, mnaimba, na lazima atatokea wa kukuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana. Mjibu kweli. Ile "naombeni mnikumbuke katika maombi" ya jumla-jumla haimsaidii anayekuombea wala wewe.

Ila kama usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, au unawaza kufa, nenda na hospitali. Anayekwambia huna imani mwonyeshe 1 Wafalme 19: nabii Eliya aliomba kufa chini ya mti wa mretemu, na malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Kama hujui jumuiya yako ni ipi, muulize mzee wa kanisa wa mtaa wenu baada ya ibada, pale nje kwenye mnada wa sadaka. Ukimkuta anapandisha bei ya jogoo, subiri amalize kwanza.