Jani la mbuyu lililoitwa mwembe: fikra za kikompyuta kwenye kipindi cha sayansi

Nafundisha sekondari ya kata wilayani Chamwino, Dodoma. Nimesomea baiolojia na kemia. Fizikia nilibebeshwa mwalimu wake alipohama. Darasa langu dogo kuliko yote lina wanafunzi 58, na laptopu ya shule ni moja, betri imekufa, ukigusa waya inazima. Nayataja haya mapema ili usije ukadhani ninayoeleza yanataka maabara ya kompyuta. Yanataka majani, vizibo vya soda na chaki. Laptopu inaingia mwishoni.

Jina "fikra za kikompyuta" lisikutishe. Mwaka 2006 Jeannette Wing, profesa wa Marekani, aliandika kwamba hii ni stadi ya kila mtu, si ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Unalivunja tatizo vipande vipande, unatazama kinachojirudia, unaacha yasiyohusika, kisha unaandika hatua ambazo hata asiyejua lolote anaweza kuzifuata. Hatua hizo ndizo algoriti, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Vitabu vyetu vya sayansi vimejaa algoriti, ila tunawakaririsha watoto zilizokwisha kuandikwa. Mimi nawaandikisha za kwao, halafu naziacha zivunjike mbele ya macho yao.

Anza na majani. Fanya kazi hii kati ya Januari na Machi, mvua zikiwepo; ukingoja Julai, mbuyu hauna jani hata la dawa. Kila kundi la watu sita lilete majani ya miti sita ya mazingira ya shule. Sisi tulichukua mbuyu, mgunga, mwarobaini, mkwaju, mwembe na mzabibu. Kazi ni kutengeneza ufunguo wa utambuzi: maswali ya ndiyo au hapana yatakayomfikisha mtu kwenye jina la mti. Baada ya mabishano ya kutosha, kundi moja lilifika hapa:

1. Je, jani limegawanyika kuwa vijani vingi kwenye kikonyo kimoja? Ndiyo, nenda 2. Hapana, nenda 5.
2. Je, vijani vyote vinaanzia sehemu moja kama vidole vya mkono? Ndiyo, ni mbuyu. Hapana, nenda 3.
3. Je, tawi lina miiba? Ndiyo, ni mgunga. Hapana, nenda 4.
4. Je, kingo za vijani zina meno kama msumeno? Ndiyo, ni mwarobaini. Hapana, ni mkwaju.
5. Je, kingo za jani zimenyooka bila meno? Ndiyo, ni mwembe. Hapana, ni mzabibu.

Sheria yangu ni moja tu: maneno "kubwa" na "dogo" ni marufuku kama hakuna rula. Jani kubwa kuliko lipi? Mtoto akishaulizwa hivyo mara mbili, anaanza mwenyewe kuyakwepa maneno ya mkato.

Wakimaliza, makundi yabadilishane funguo, na kila kundi litafute jani la kuuangusha ufunguo wa wenzao. Hapo ndipo kipindi kinachangamka. Binti mmoja alirudi na jani moja zima, laini, lisilo na meno. Wakaufuata ufunguo: 1 hapana, 5 ndiyo, mwembe. Binti akacheka. Alikuwa amelichuma kwenye mche wa mbuyu uliojiotea nyuma ya jiko la shule. Mbuyu ukiwa mchanga hutoa majani mazima. Vile vidole huja baadaye.

"Mwalimu, hapa aliyekosea ni ufunguo au mti?"

Sikumjibu, nawe usimjibu. Waliobishana kwa robo saa walikuja na dawa mbili. Wa kwanza walitaka swali jipya kabla ya kutaja mwembe: jani likisuguliwa, linanukia embe? Wa pili waliona inatosha kuandika juu ya ufunguo, "kwa miti iliyokomaa tu". Waandishi wa programu hufanya yote mawili, ama wanarekebisha hatua, ama wanaweka wazi mipaka ya programu yao. Niliwaambia hivyo, tukaendelea.

(Kuhusu lugha: mtihani utakuja kwa Kiingereza, najua. Lakini kosa la mantiki hukamatwa upesi kwa lugha ambayo mtoto hugombania. Tunabishana kwa Kiswahili, tunaandika daftarini kwa Kiingereza.)

Zoezi la pili ni fupi, naliita "kompyuta isiyo na huruma". Wanafunzi wanaandika hatua za kupima wanga kwenye jani. Mmoja wao anakuwa kompyuta: anatenda kilichoandikwa tu, haongezi akili yake. Lifanye bila kuwasha moto na chupa zikiwa tupu, kwa sababu nitakayokusimulia. Kundi moja liliandika, "Chemsha jani kwenye spiriti." Kijana aliyekuwa kompyuta akainua bika, akaiweka moja kwa moja juu ya kichomeo. Darasa zima likapiga kelele. Spiriti hushika moto kirahisi, ndiyo maana huchemshwa ndani ya maji ya moto na kichomeo kikiwa kimezimwa. Onyo hilo nilikuwa nimeliandika ubaoni miaka mitatu mfululizo, na sina hakika kama kuna aliyelisoma. Siku hiyo walilipata wenyewe, na hatua ya "zima moto kwanza" wakaipigia mstari mwekundu.

Sasa vizibo, kwa ajili ya mada ya mnururisho, yaani atomu zinazovunjika zenyewe na kutoa miale. Kusanya vizibo 100 kwenye duka la soda. Kila kizibo ni atomu. Virushe vyote mezani, ondoa vilivyotua kifudifudi (hizo ndizo atomu zilizovunjika), hesabu vilivyobaki, rusha tena. Vitabu vingi husema tumia sarafu ili nusu itoke kila mara. Vizibo nimevipendea ukaidi wao, maana havitui nusu kwa nusu. Kwa hiyo kabla ya mchezo, warushe mara kadhaa na wapime ni vingapi kwa wastani hubaki katika kila 100. Tuseme mmepata 60. Basi mtarajie 100, 60, 36, kisha kama 22, kisha 13. Nusu-uhai wa vizibo, yaani mirusho inayotosha kubakiza nusu yake, ni mrusho mmoja na kidogo. Watoto wachore grafu kwa mkono kwanza.

Wakichoka kurusha, na watachoka, ndipo washa laptopu. Programu ya majedwali ya Excel inafaa, na LibreOffice Calc ni ya bure. Jaza 1 kuanzia A1 hadi A100. Kwenye B1 andika:

=IF(A1=0,0,IF(RAND()<0.6,1,0))

Maana yake: kizibo kilichokwisha kutoka kibaki nje, kama bado kipo, itolewe namba ya bahati kati ya 0 na 1, ikiwa chini ya 0.6 kibaki, la sivyo kitoke. Iburute chini hadi B100, kisha yote iburute kulia hadi safu ya K. Kwenye A101 weka =SUM(A1:A100), nayo iburute kulia. Programu ikikataa koma, jaribu nukta mkato. Badala ya 0.6 weka namba ya vizibo vyenu. Bonyeza F9 na vizibo vyote vinarushwa upya. Kwenye laptopu nyingine lazima ushike Fn pamoja nayo.

Kwa laptopu moja, simama nyuma ya darasa na mpe mwanafunzi kibodi. Kila anayebonyeza asome mstari wa 101 kwa sauti, mwingine aandike ubaoni. Baada ya mibonyezo kumi wataona namba za mwanzo zikikaribiana, na zile za mwisho, vikiwa vimebaki vizibo viwili vitatu, zikirukaruka ovyo. Ongeza safu mlalo ziwe 1,000 muone mkunjo wa grafu unavyotulia.

Kwenye kusahihisha, alama nyingi natoa kwa kosa lililopatikana na kuelezwa, kuliko kwa jibu safi.

Mwaka jana kijana mmoja wa Bahi aliuliza kuhusu urani, madini yenye mnururisho, kwa sababu kwao watafiti wamewahi kuitafuta. Nikamwambia nusu-uhai wa urani-238 ni miaka bilioni 4.5 hivi. Akaitazama skrini, safu ya K ikionyesha 1.

"Na hiki kimoja kitatoka lini?"

"Bonyeza," nikamwambia. Akabonyeza. Safu ya K ikasoma 0. Akabonyeza tena, ikasoma 2, na kengele ya mapumziko ikalia bado ameshikilia F9.