Kuchagua Kiwanja cha Kambi Katikati ya Mashamba ya Mahindi: Iowa na Majirani Zake

Picha za kiwanja cha kambi hupigwa nyasi zikiwa zimekatwa na jua likizama. Hazionyeshi kilichopo ng'ambo ya uzio. Katika Iowa, Illinois, Indiana na sehemu kubwa za Minnesota, Nebraska na Missouri, ng'ambo ya uzio kuna shamba, na shamba hilo ndilo litakaloamua utalalaje. Ndiyo maana uchaguzi mzuri huanzia nje ya kiwanja, kisha unaingia ndani.

Anza na picha za setilaiti

Fungua ramani, weka kiwanja katikati, kisha angalia kilomita tano hivi kila upande.

Cha kwanza kutafuta ni mabanda ya nguruwe. Iowa inaongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe, na wengi wao hawaonekani nje: wamo ndani ya majengo marefu membamba yenye paa la bati, yaliyojengwa sambamba mawili, matatu au zaidi, yakiwa na matangi ya chakula pembeni. Mara nyingi shimo la samadi liko chini ya sakafu. Banda lililo kusini mwa kiwanja ndilo la kuogopa zaidi wakati wa joto, kwa kuwa upepo wa miezi hiyo hutoka kusini mara nyingi. Mchana wenye upepo harufu hutawanyika. Huzidi jioni hewa inapotulia, na usiku, hewa baridi inapoteremka bondeni na kuibeba. Kwa hiyo umbali peke yake haukuambii mengi. Kiwanja kilicho kilomita mbili kutoka kwenye banda lakini bondeni, chini yake, kinaweza kunuka kuliko kilicho karibu zaidi juu ya kilima.

Cha pili ni reli. Miji mingi midogo ya huku ilizaliwa kando ya reli, na bustani ya mji, ambako wageni huruhusiwa kupiga hema, mara nyingi iko hatua chache tu kutoka relini. Sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa treni apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika panapokatiza barabara: ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja, kwa desibeli 96 hadi 110. Saa nane usiku sheria ni ileile, isipokuwa mahali palipotangazwa rasmi kuwa eneo la ukimya. Basi hesabu makutano ya reli na barabara kabla ya kuhesabu mita. Angalia pia ni reli ya namna gani. Njia kuu ya kampuni ya reli ya Union Pacific inayopita Ames na Boone ina treni usiku na mchana, ilhali tawi linalohudumia ghala moja la nafaka linaweza kumaliza siku nzima bila treni.

Maghala yenyewe, zile silinda kubwa za chuma au zege, hayana neno hadi wakati wa mavuno. Hapo feni za kukaushia mahindi huunguruma saa 24 kwa majuma kadhaa. Kuna watu wanaolala vizuri kwa mlio huo. Wengine usiku wa pili tu wanafungasha.

Tatizo la mwisho la ramani ni barabara. Nchi hii ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, utaratibu uliotokana na sheria ya ardhi ya mwaka 1785, na programu ya simu huichukulia mistari yote ya miraba hiyo kuwa barabara zilizo sawa. Siyo sawa. Iowa kuna barabara za Daraja B, zenye kibao cha onyo mwanzoni: ni udongo mtupu, hazimwagiwi changarawe, na baada ya mvua hata gari dogo huteleza mtaroni, sembuse lenye trela. Panga safari kwa lami na changarawe hata ikikuongezea kilomita kumi.

Kalenda ya mkulima

Mahindi hupandwa kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, na soya hufuata karibu na hapo. Mkulima aliyecheleweshwa na mvua hulima na kupanda usiku, taa zikiwaka kama mchana. Mei na Juni ni miezi ya kunyunyizia dawa za magugu. Mahindi yanapotoa mbelewele Julai, zinakuja ndege ndogo za kunyunyizia dawa ya ukungu, zikiruka chini sana kuanzia alfajiri. Ukiona ndege inageuka juu ya shamba la jirani, funika chakula, ingiza watoto ndani na funga madirisha hadi imalize.

Julai na Agosti zina adha nyingine isiyotajwa kwenye matangazo. Mahindi yamempita mtu kwa urefu, na yanatoa jasho: ekari moja hutoa takriban lita 11,400 hadi 15,100 za maji hewani kwa siku. Hema lililozungukwa na ukuta huo halipati upepo, na nguo zilizoanikwa jioni asubuhi bado mbichi. Miezi hiyo chagua nafasi iliyo mgongoni mwa kilima au ukingoni mwa ziwa, yenye uwazi upande wa kusini.

Mavuno huanza Septemba na kuendelea hadi Novemba. Kuna vumbi, malori, na kombaini zinazotambaa barabarani zikiwa na pembetatu ya rangi ya machungwa nyuma. Soya zikikauka hujitokeza pia mdudu mdogo mweusi na mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele, anayeuma kwa namna isiyolingana kabisa na umbo lake. Dawa za kufukuza mbu hazimsaidii mtu sana kwake. Huvutwa na nguo za rangi nyepesi, basi vaa za rangi nzito siku za jua. Baada ya mavuno samadi ya mashimoni huingizwa ardhini, na harufu ya majuma hayo haina kiwanja cha kuikimbilia. Isitoshe, viwanja vingi hufunga mabomba ya maji karibu na katikati ya Oktoba yasije yakapasuka kwa baridi, na kuyafungua tena Aprili.

Kwa maoni yetu, wakati bora ni majuma mawili baada ya Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Watoto wamerudi shule, unyevu umepungua, na kombaini nyingi bado hazijatoka bandani.

Nani mwenye kiwanja

Mwenye kiwanja anakuambia mengi kabla hujakiona. Iowa ina kaunti 99, na kila moja ina bodi yake ya uhifadhi. Viwanja vya bodi hizo ndivyo tunavyovipendekeza kwanza. Ni vidogo, vimetunzwa, vina umeme, na vingi huacha baadhi ya nafasi kwa anayewahi. Ukifika Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, hukosi mara nyingi.

Hifadhi za majimbo ni nzuri zaidi kwa mandhari, lakini zina ushindani. Dirisha la kuweka nafasi hutofautiana: Iowa ni miezi mitatu kabla, Minnesota siku 120, Indiana miezi sita, Wisconsin miezi 11. Iowa, Illinois, Missouri na Ohio kwa kawaida hazitozi kiingilio cha gari. Minnesota, Wisconsin na Nebraska hudai kibali cha gari juu ya ada ya kambi, na watu husahau kukihesabu.

Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kina viwanja kando ya mabwawa yake, kama Saylorville, Coralville, Red Rock na Rathbun huko Iowa, au Carlyle na Shelbyville huko Illinois. Nafasi zake ni pana na zimesawazishwa vizuri. Raia na wakazi wa kudumu wenye miaka 62 au zaidi, wakiwa na pasi ya wazee ya shirikisho, hulipa nusu ya ada.

Bustani za miji na viwanja vya maonyesho ya kilimo ni kimbilio la msafiri wa usiku mmoja: bei ndogo, umeme upo, uzuri hakuna. Jihadhari na juma la maonyesho ya kaunti, kwa kawaida Julai au Agosti, wakati kiwanja chote ni cha wafugaji na mifugo yao. Tazama vilevile matukio yanayojaza eneo zima. RAGBRAI, safari ya baiskeli ya kuvuka Iowa, hufanyika juma kamili la mwisho la Julai, na miji itakamolala hutangazwa Januari. Farm Progress Show, maonyesho makubwa ya kilimo, huwa mwishoni mwa Agosti au mwanzo wa Septemba, Boone miaka shufwa na Decatur, Illinois, miaka witiri.

Umeme na maji

Kwa mwenye trela, usisome neno "umeme" ukaridhika. Nguzo ya umeme ya ampea 30 ni volti 120, yaani wati 3,600. Kiyoyozi kinakula wati 1,500 hivi, maikrowevu kiasi kama hicho, na birika la umeme likiungana nao swichi inakatika. Nguzo ya ampea 50 ina nyaya mbili za volti 120, jumla wati 12,000. Trela ya ampea 30 inaweza kutumia nguzo ya 50 kwa adapta sahihi. Kinyume chake pia kinawezekana, ila utachagua cha kuwasha.

Kwenye viwanja vya maonyesho vyenye nyaya za zamani shida ni volti kushuka. Jumamosi yenye joto kila trela imewasha kiyoyozi, na aliye mwisho wa laini anapata mabaki. Nunua kipimo cha volti cha kuchomeka kwenye soketi. Kikisoma chini ya 105, zima kiyoyozi kabla kompresa haijaungua.

Maji ya mji hupimwa kwa kanuni, lakini kiwanja chenye kisima chake kinahitaji swali moja la ziada: kipimo cha mwisho cha naitreti kilikuwa ngapi? Mbolea ya mashamba hupenya hadi visimani, hasa vifupi. Kiwango cha juu cha shirikisho ni miligramu 10 za nitrojeni ya naitreti kwa lita, na walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita wanaotengenezewa maziwa ya unga. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, naitreti inabaki na kukolea. Mwenye mtoto mchanga abebe maji ya chupa.

Kuogelea ni suala jingine. Mbolea hiyohiyo hulisha mwani wa kijani kibichi unaofanana na rangi iliyomwagika, na baadhi yake una sumu inayoweza kuua mbwa. Iowa hupima fukwe za hifadhi zake kila juma kuanzia Siku ya Kumbukumbu, mwishoni mwa Mei, hadi Siku ya Wafanyakazi. Soma matokeo kabla ya kulipia nafasi kwa ajili ya ziwa.

Nafasi yenyewe

Mabwawa ya Wahandisi yalijengwa ili kuzuia mafuriko, maana yake kazi ya bonde la bwawa ni kujaa. Coralville ilifurika hadi ikapita juu ya njia yake ya kumwagia maji mwaka 1993 na tena 2008. Nafasi za ukingoni ndizo hupendwa na ndizo huzama kwanza. Angalia kina cha bwawa siku tatu kabla ya safari, na kama mvua imenyesha kaskazini mwake, omba nafasi ya juu. Udongo wa mfinyanzi hauchukui maji haraka, hivyo mwenye hema atafute jukwaa la changarawe au nyasi zenye mteremko kidogo.

Kivuli nacho kina hila. Mende wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua miti ya kivuli iitwayo ash eneo lote. Viwanja vingine vimeikata na kubaki jua tupu, wakati picha za zamani bado zina kivuli. Mahali ambapo haijakatwa, mti usio na majani Juni unaangusha matawi hata bila upepo. Usilaze mtu chini yake. Kwa sababu hiyohiyo usibebe kuni kutoka mbali. Nunua karibu na kiwanja, au zilizokaushwa kwa joto na kuthibitishwa.

Kuhusu dhoruba, uliza jambo moja tu kwa simu: king'ora kikilia, watu wanakwenda wapi? Jibu zuri ni bafu la zege au jengo maalumu lililo umbali wa kutembea dakika mbili. "Ndani ya trela yako" si jibu. Tarehe 10 Agosti 2020, mchana, upepo uliovuka Iowa ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa, na haukuwa tonado. Andika jina la kaunti uliyomo, kwani maonyo ya redio hutaja kaunti. Redio ndogo ya hali ya hewa inayoshika masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz hufanya kazi hata simu isipokuwa na mtandao.

Ukifika mahali pasipo mhudumu, zunguka kwa gari mara moja kabla ya kulipa. Tazama alama za maji kwenye vigogo, kinyesi cha mifugo upande wa upepo, na kama trela yako inaingia bila kugusa nguzo ya umeme. Ukiridhika, tia ada kwenye bahasha ya malipo, andika namba ya gari na ya nafasi, tumbukiza kwenye boksi la chuma, na bana kipande cha risiti kwenye nguzo ya nafasi yako. Beba noti za dola moja na tano, maana boksi halina chenji na sehemu nyingi za aina hii hazipokei kadi.