Daraja la pili au la tatu, chuo gani? Hatua za kumtafutia chuo mtoto wa alama za kati

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mwenye A tatu hana shida kubwa ya kupata chuo. Anayehangaika ni huyu wa katikati: kasoma kwa bidii, kapata C na D zake, daraja la pili au la tatu, na nyumbani hakuna anayejua apelekwe wapi. Kwa wiki mbili tatu za mwezi Julai, wazazi kutoka Kibosho, Machame, Himo na hata Usa River huja shuleni kuniuliza swali moja: "Mwalimu, huyu atapata chuo kweli?" Atapata, tena vingi. Ila havipatikani kwa kutafuta jina la chuo. Vinapatikana kwa kusoma kozi moja moja, na hapo ndipo familia nyingi hazifiki.

Hatua ya 1: Hesabu pointi upya, kwa hesabu ya vyuo

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baraza la Mitihani (NECTA) linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Pointi zikiwa chache ndiyo bora. Daraja la pili ni pointi 10 hadi 12, la tatu ni 13 hadi 17. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huku pointi nyingi ndiyo bora, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayohusika na kozi anayoomba, yote mawili yakiwa na ufaulu wa A hadi E. Kwa hiyo mzazi akiniambia "mtoto ana kumi na moja, chuo kinataka nne, si amezidi?" namwomba kalamu na karatasi tuanze mwanzo.

Chukua binti wa CBG mwenye C ya Jiografia, D ya Baiolojia na D ya Kemia. Kwa NECTA ana 3 + 4 + 4, yaani 11, daraja la pili. Kwa vyuo, masomo yake mawili bora yanampa 3 + 2, yaani 5. Amevuka.

Sasa chukua vijana wawili wa daraja la tatu, wote wana pointi 14 za NECTA. Wa kwanza ana C, E na S. Wa pili ana D, E na E. Kwenye karatasi ya matokeo wanaonekana sawa kabisa. Lakini wa kwanza ana 3 + 1, anafika 4 na anaweza kuomba shahada, mradi kozi iwe inataka masomo hayo mawili. Wa pili ana 2 + 1, hafiki. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie daraja tu. Niambie alama za kila somo.

Andika pia matokeo ya kidato cha nne pembeni, hasa Hisabati, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Utaona faida yake muda si mrefu.

Hatua ya 2: Fungua mwongozo wa udahili, usome kozi kwa kozi

Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza, bure, kwenye tovuti yake. Ni mrefu na unachosha, nakubali. Lakini ndio pekee unaokuambia chuo fulani kinataka nini kwa kozi fulani mwaka huu. Maneno ya kijiweni na ya shangazi aliyesoma zamani weka kando.

Kwenye jedwali la kila chuo angalia mambo matatu. Kwanza, masomo yanayotakiwa. Huyu binti wa CBG hana Fizikia ya kidato cha sita, kwa hiyo udaktari wa KCMC hapa Moshi, unaodai Fizikia, Kemia na Baiolojia, haumhusu hata angekuwa na A tatu. Ni afadhali ajue leo kuliko kupoteza ada ya maombi na kukaa wiki akisubiri.

Pili, masharti ya ziada yanayofuata baada ya masomo makuu. Kozi nyingi za biashara na kompyuta humtaka asiyesoma Hisabati ya juu awe walau na ufaulu wa Hisabati tumizi ya kidato cha sita, au D ya Hisabati ya kidato cha nne. Mtoto wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mwenye F ya Hisabati anaweza kuwa na pointi za kutosha na bado akakataliwa. Soma sentensi hadi mwisho.

Tatu, safu ya nafasi. Watu wengi hawaiangalii kabisa, nami naiona ya thamani sana kwa mtoto wa alama za kati. Pointi 4 ni ruhusa ya kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, wenye pointi za juu ndio watachukuliwa. Kozi yenye nafasi chache ambayo kila mtu anaitaka itajaa wenye A na B. Kozi yenye nafasi nyingi, au isiyojulikana sana na wanafunzi, inamfikia mwenye 5 au 6.

Hatua ya 3: Panga orodha ya ngazi tatu

Mpe mtoto kalamu aandike mwenyewe. Kozi moja au mbili anazozitamani sana na ambazo ushindani wake ni mkali. Tatu au nne ambazo pointi zake zinalingana nazo vizuri. Na mbili ambazo kwa haki kabisa hawezi kukosa, na akipangiwa ataenda bila kununa. Hili la mwisho nalisisitiza. Kozi ya akiba ambayo mtoto haitaki si akiba, ataacha mwaka wa kwanza.

Kwa huyu binti wa CBG, mimi ningeanza na kilimo, misitu, wanyamapori na mazingira. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko Morogoro na ina kozi nyingi za namna hii. Hapa nyumbani kuna Mweka, chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, lakini watoto wa Moshi wanakipita kila siku bila kukifikiria. Ualimu wa sayansi nao usidharauliwe. Mwenge Catholic University ipo hapa hapa mjini.

Kwa wa michepuo yenye Uchumi, yaani EGM, ECA au HGE, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU) kina uhasibu, ugavi, ushirika na mikopo midogo. Kilianza mwaka 1963 kikiwa chuo cha ushirika, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Arusha kuna Chuo cha Uhasibu (IAA) pale Njiro, chenye fedha, uhasibu na kompyuta. Wa masomo ya sanaa waangalie pia Makumira, Usa River, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru.

Kila mwaka kuna mzazi anayeniuliza kuhusu Nelson Mandela, kwa kuwa ni kubwa na iko jirani, Tengeru. Taasisi ile inafundisha shahada ya uzamili na uzamivu. Mtoto wa kidato cha sita bado hajafikia huko.

Sisemi abaki kaskazini. Udom, Mzumbe na Dar es Salaam ziwemo. Nasema tu usivuke kilichopo mlangoni kwa sababu hakina sifa ya mbali.

Hatua ya 4: Weka diploma mezani kwa heshima yake

Mzazi akisikia diploma anahisi mtoto ameshindwa. Nimeshawahi kumwona baba akikunja karatasi na kuondoka nilipoitaja. Naomba tuangalie kwa utulivu.

Mwenye ufaulu mkuu mmoja (A hadi E) na S moja anaweza kuingia diploma nyingi za biashara na kumaliza kwa miaka miwili. Akitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi, anaomba shahada kama wengine, akiwa na ujuzi wa kazi tayari. Chuo cha Ufundi Arusha (ATC), kilichoanza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, kinafundisha ujenzi, umeme, mitambo na magari, na fundi sanifu aliyetoka pale anajua kushika chombo cha kazi.

Diploma za afya zinatazama zaidi kidato cha nne. Ndiyo maana nilikuambia uandike yale matokeo pembeni. Mtoto wa HGL aliyefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne bado anaweza kuomba utabibu ngazi ya diploma. Wazazi wengi hawalijui hili hadi dirisha limefungwa.

Vyuo vya diploma viko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, si TCU. Mwongozo wake ni tofauti, usome huo.

Hatua ya 5: Hakiki kozi, kisha hesabu fedha

Chuo kuwa na usajili hakutoshi, kozi yenyewe nayo iwe imeidhinishwa. Itafute kwenye mwongozo, usipoiona usilipe. Kama fani ina bodi yake, uliza bodi hiyo inawatambua wahitimu wa kozi hiyo: NBAA kwa wahasibu, PSPTB kwa wagavi, ERB kwa wahandisi.

Kwenye fedha, ada ni mwanzo tu. Omba chuo kikupe karatasi ya gharama zote, ya mwaka mzima, bweni, bima na mafunzo kwa vitendo vikiwemo. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) unaombwa peke yake, kwa mfumo wake na dirisha lake. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa hiyo lianze hilo mapema, hata kabla ya matokeo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo inatolewa pia kwa wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele kama afya, ualimu, uhandisi na kilimo.

Hatua ya 6: Omba kwa namba yenu ya simu

Maombi yanatumwa moja kwa moja kwa kila chuo, kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita. Wengi wetu tunaenda steshenari mjini, na kijana wa pale anajaza haraka haraka. Kaa naye. Hakikisha barua pepe ni ya mtoto, nywila mmeiandika kwenye daftari, na namba ya simu ni ya mtu aliye nyumbani. Mtoto aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja. Kama simu iliyojazwa ni ya steshenari, ujumbe utaingia kule na nyinyi mtakaa mkisubiri. Na kama mtoto yuko JKT kwa mujibu wa sheria, simu yake haitakuwa mkononi muda wote. Kabla hajapanda basi la kambini, kaeni chini, mkubaliane orodha ya hatua ya 3 na nani atathibitisha.

Asipochaguliwa awamu ya kwanza, msikae kimya wala msirudie orodha ile ile. Awamu inayofuata ikifunguliwa, angalieni kozi ambazo bado zina nafasi, ondoeni zile za ngazi ya juu, ongezeni za ngazi ya kati, na mtume ndani ya siku za mwanzo. Mkikwama, njooni shuleni na karatasi zote mbili za matokeo.