Kumpata mwenza wa diskasheni kupitia WhatsApp

Kundi la darasa hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina watu wengi mno. Ukiandika tu "nani tusome wote?", ujumbe unamezwa na matangazo ya CR (mwakilishi wa darasa) kabla hujaweka simu mfukoni. Weka tangazo lenye nyama. Mimi huandika hivi:

"Natafuta wawili wa Takwimu. Uwezekano nauelewa vizuri, nadharia tete zinanishinda. Nakaa Mabibo, nafasi yangu ni jioni, vimbwetani."

Hapo msomaji ameona unachotoa, unachohitaji, muda wako na mahali (vimbweta ni zile meza za nje za kusomea). Muda ndio unaovunja makundi mengi kuliko akili: anayesoma alfajiri hawezi kuendana na wa usiku wa manane, hata mpendane vipi.

Akijibu "nipo", muulize faraghani: swali gani limekushinda wiki hii? Mwenye nia atakupigia picha ukurasa wa daftari. Anayesema "yote tu" mwache kwanza.

Mkifika watatu au wanne, fungua kundi dogo na upige kura ya siku humohumo WhatsApp. Kikao cha kwanza chukueni swali moja la pepa la zamani, kila mtu alifanye kimya, kisha mmoja aeleze. Msikilize sana anayethubutu kusema "hapo sijakuelewa, rudia". Huyo mng'ang'anie.

Na dada zangu, nawaomba: mtu mliyekutana mtandaoni, kikao kiwe vimbwetani au maktaba, chumbani kwake hapana, hata akisema mvua inanyesha.